Bukavu: Sumu ya shamba haina kazi kwenye barza zetu

Jumapili iliyopita, muda mfupi baada ya misa, kelele zilisikika katika parseli ya jirani yangu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameokota chupa ndogo ya maji chini ya meza ya barza, pembeni ya vyungu vya maua, akaifungua na kuitia mdomoni. Ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na dawa ya wadudu ambayo mama yake aliinunua sokoni juma lile, ili apulizie lengalenga zake za kwenye magunia pamoja na maua. Harufu ilimshinda mtoto, akatema nyingi, lakini kidogo kilishapita. Walipompakia kwenye pikipiki, mate yalikuwa yanamtoka na jasho linamwagika kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Alilala kituo cha afya siku mbili. Leo anacheza tena na wenzake, na sisi majirani tunamshukuru Mungu.

Niliporudi kwangu jioni ile, nilifungua kabati ya chini ya jikoni. Nyuma ya bidoni ya mafuta nilikuta chupa ya namna ile ile. Chupa ya maji ya kunywa, kibandiko cha maji bado kiko juu yake, na ndani mna dawa niliyokwisha kuichanganya, nyeupe kama maziwa. Niliinunua mimi mwenyewe, miezi kadhaa iliyopita, kwa sababu ya ua moja tu lililoshikwa na wadudu weupe. Nilipuliza mara mbili, nikaisahau. Kwangu pia kuna watoto.

Kwa hiyo sina haki ya kumhukumu mama jirani, na makala hii si ya kumhukumu. Ni ya kusema jambo moja ambalo naamini kila nyumba ya mji huu inapaswa kulijadili: dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya shamba hazina kazi ndani ya nyumba zetu. Wadudu wa maua na wa mboga za magunia tunaweza kuwashinda kwa sabuni, maji na macho yetu. Na wale wanaotuambia kwamba kila kitu cha asili ni salama, nao tusiwafuate tukiwa tumefumba macho.

Kwa nini barza zetu zimejaa mimea

Mtu asiyeishi Bukavu anaweza kufikiri kwamba mambo ya maua ya vyungu ni ya matajiri tu. Sivyo. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, parseli ni nyembamba, na nyumba zinabebana kama ngazi. Shamba hakuna. Basi akina mama wamejifunza kupanda juu ya kila kitu kinachoweza kushika udongo: gunia la sukari, beseni lililopasuka, bidoni iliyokatwa nusu, sufuria ya zamani. Humo mna lengalenga, kitunguu cha majani, pilipili, nyanya chache. Pembeni yake kuna maua, kwa maana nyumba bila maua haikaribishi mgeni. Vyote vinakaa pamoja kwenye barza, hatua mbili kutoka pahali tunapokula, na mara nyingi hatua moja kutoka pahali watoto wanapolala mchana.

Na mahali penye mimea, wadudu hawakosi. Wanaotusumbua sana ni watano. Kuna vidukari, wale wadogo wa kijani ao weusi wanaojazana kwenye machipukizi. Kuna vidung'ata, weupe kama pamba, wanaojificha pale jani linapoungana na shina. Kuna nzi weupe, ukitikisa mmea wanapaa kama unga. Kuna utitiri, ambao macho hayawaoni vizuri, lakini unaona jani limejaa vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba chini yake. Na kuna vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ulioloa.

Ukiona majani yananata kama yamemwagiwa soda, na juu yake kuna weusi kama masizi, usiseme umerogwa. Vidukari na vidung'ata vinafyonza utomvu wa mmea na kutoa majimaji ya sukari, na ukungu mweusi unaota juu ya sukari hiyo. Ukiona pia sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, ujue wamefuata sukari hiyo hiyo. Sisimizi huwalinda vidukari dhidi ya maadui wao, kama mchungaji na ng'ombe zake.

Neno "dawa" linatudanganya

Sisi waswahili wa Kongo tuna shida moja ya lugha. Kitu anachopewa mtoto mwenye malaria tunakiita dawa. Kitu kinachoua wadudu shambani nacho tunakiita dawa. Basi mtu anaingia sokoni, anaomba "dawa ya maua", na kijana anamwagia kutoka kwenye chupa kubwa kuingia kwenye chupa ndogo. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna alama ya hatari. Mnunuzi anatoka na roho safi, kwa sababu amenunua dawa.

Nyingi ya hizo zinazouzwa kwa kumwagiwa ni za jamii inayoharibu mishipa ya fahamu. Ndivyo zinavyoua mdudu, na mwili wa mtu unaendeshwa na mishipa ya namna hiyo hiyo. Haidhuru tu anayekunywa. Nyingine zinapita kwenye ngozi, nyingine unazivuta kwa pumzi. Dalili ni zile tulizoziona kwa mtoto wa jirani: mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kisha pumzi kuwa nzito. Mtoto mdogo hahitaji nyingi.

Nyingine tunazozisikia sokoni zilishakataliwa na ulimwengu. Endosulfan, kwa mfano, iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa sumu zinazodumu muda mrefu, na nchi yetu ni mojawapo ya nchi zilizokubali mkataba huo. Chupa isiyo na jina haiwezi kukuambia kama ndani yake mna kitu kilichokatazwa ao la. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuiache.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo hatuzifikirii. Ya kwanza ni kwamba shambani kuna jua, mvua na upepo, ambavyo vinapunguza sumu siku baada ya siku. Ndani ya nyumba, ao kwenye barza iliyofunikwa na bati, sumu inakaa muda mrefu zaidi. Inashika meza, pazia, mkeka, vidole vya mtoto.

Ya pili ni siku za kungoja. Kila dawa ya shamba iliyo na kibandiko cha kweli inaeleza siku ngapi mkulima angoje kati ya kupuliza na kuvuna. Sasa nani kati yetu anangoja? Lengalenga ya gunia haivunwi mara moja kama kabichi. Unakata majani leo, kesho kutwa unakata tena. Mama anapuliza Jumanne, Alhamisi mboga iko kwenye sufuria. Tunakula sumu tuliyoinunua kwa pesa zetu.

Na mwishoni, wadudu wanarudi. Sumu kali inaua vidukari, lakini inaua pia wale wanaowala: kile kidudu cha duara, chekundu chenye madoa meusi, ambacho watoto wanapenda kukichezea, pamoja na buibui na nyigu wadogo. Baada ya majuma mawili vidukari vinazaliana upya bila adui. Kuhusu utitiri ni vibaya zaidi. Wao si wadudu hasa, ni ndugu wa buibui, na dawa nyingi za wadudu haziwagusi. Unapuliza, maadui zao wanakufa, utitiri wanaongezeka. Ndiyo maana watu wanasema: "Nimepuliza mara tatu na ua langu bado linakauka."

Somo ambalo Kongo ilishalipata

Msomaji ataniambia kwamba bila kemikali hakuna nguvu. Namkumbusha historia iliyoanzia katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata cha muhogo kilionekana kandokando ya mto Kongo, upande wa Kinshasa na wa Brazzaville. Kilitoka Amerika ya Kusini, bila shaka pamoja na vipando vya muhogo, na hapa hakikukuta adui. Kikasambaa katika Afrika yote inayolima muhogo, mashamba yakakunjamana, sombe ikakosekana, njaa ikaingia.

Kupuliza sumu juu ya mamilioni ya mashamba madogo kusingewezekana. Watafiti wa taasisi ya kilimo cha kitropiki ya Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walifuata mdudu huyo alikotoka. Mwaka 1981 adui wake alipatikana Paraguay: nyigu mdogo sana, anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Waliwafuga, wakawaachilia Nigeria, kisha katika nchi nyingi, na yetu ikiwemo. Kidung'ata hakikuisha, lakini kilirudishwa kwenye kiasi ambacho muhogo unaweza kukivumilia. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Sombe tunayokula leo ina deni kwa nyigu yule. Sisemi tuagize nyigu kwa ajili ya maua ya barza. Nasema tu kwamba nguvu ya kushinda mdudu haiko kwenye ukali wa harufu. Iko katika kumjua mdudu anaishi namna gani na nini kinamzuia.

Sabuni na maji, lakini kwa kipimo

Baada ya kutupa chupa yangu nimerudia njia ambayo bibi yangu aliifahamu bila kusoma popote. Naieleza polepole, kwa sababu wengi wanaijaribu vibaya, inashindwa, kisha wanarudi kwenye sumu.

Kwanza, maji peke yake. Peleka chungu nje, inamisha mmea, osha majani juu na chini kwa maji yenye nguvu kidogo. Vidukari wengi wanaanguka na hawawezi kupanda tena. Vidung'ata vichache vitoe kwa kitambaa kilicholoweshwa, ao kwa pamba yenye alikoli ya kusafishia vidonda. Tawi lililojaa kabisa, likate, lifunge kwenye mfuko, tupa mbali. Nusu ya kazi inaishia hapo.

Pili, sabuni. Chukua sabuni ya kawaida ya kipande, ile ya kufulia isiyo na rangi nyingi wala manukato. Ikwaruze upate kijiko kimoja cha supu, iyeyushe katika maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji mpaka lita moja. Usitumie sabuni ya unga wala ya kuoshea vyombo yenye nguvu, kwa sababu zimetengenezwa kuondoa mafuta, na jani lina mafuta yake ya kujikinga. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya ziwa, kwa kuwa maji ya ziwa Kivu yana madini mengi na sabuni inagandamana bila kufanya kazi.

Sabuni inaua kwa kumgusa mdudu tu. Inaharibu ngozi yake laini, naye anakauka. Ikishakauka juu ya jani, haina nguvu tena. Ndiyo faida yake, kwa maana haikai ikimngojea mtoto. Lakini ndiyo sababu pia ya kuipuliza vizuri: chini ya majani, kwenye kona za shina, mpaka mdudu aloe kabisa. Mtu anayepuliza juu ya majani tu anawaogesha hewa.

Puliza asubuhi sana ao jioni, kamwe si wakati jua linawaka, majani yataungua. Jaribu kwanza jani moja, ngoja mpaka kesho. Majani yenye manyoya na yale mororo sana huumia haraka. Baada ya saa chache, suuza kwa maji safi. Rudia kila baada ya siku tano ao saba, angalau mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai. Anayepuliza mara moja na kusema haifai, hakuipa nafasi.

Kwa vidung'ata sugu na wadudu wa magamba, unaweza kuongeza kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia katika lita ile ile, ukitikisa sana. Mafuta yanawaziba pumzi. Yakizidi, yanaziba pia pumzi ya jani.

Kitunguu saumu na pilipili nazo zina kazi, lakini tusizitukuze kupita kiasi. Ukiponda kitunguu saumu kichwa kimoja na pilipili chache, ukaviloweka usiku mzima katika lita ya maji, ukachuja vizuri na kutia sabuni kidogo, unapata maji yanayofukuza kuliko kuua. Yanasaidia kulinda mmea ambao haujashikwa sana. Jihadhari na macho. Pilipili kwenye upepo wa barza haichagui kati ya mdudu na mwenye nyumba.

Vile vijinzi vyeusi vya udongo, dawa yake ni kupunguza maji. Watoto wao wanaishi katika udongo ulioloa juu. Acha sehemu ya juu ikauke kabla ya kumwagilia tena, toboa matundu chini ya chungu, na wengi watapotea bila kupuliza chochote. Maua mengi ya mji huu hayauawi na wadudu, yanauawa na huruma ya maji mengi.

Na sisimizi je? Vunja njia yao. Weka miguu ya meza ya maua ndani ya mikebe yenye maji na sabuni kidogo. Bila walinzi, vidukari hubaki wazi kwa maadui zao.

Asili si cheti cha usalama

Hapa ndipo napogombana na marafiki zangu wa upande wa pili, wale wanaosambaza kwenye simu kila mchanganyiko na kuandika juu yake "asili asilimia mia". Kila mtu aliyekulia kando ya mto anajua utupa. Ni mmea wa hapa kwetu, hakuna kiwanda kilichoutengeneza. Ukiponda majani yake na kuyatia katika maji, samaki wanaelea. Ni wa asili, na ni sumu.

Tumbako ni hivyo hivyo. Wengi wanashauri kuloweka majani ya tumbako na kupuliza maua. Nikotini inaua vidukari, ni kweli. Lakini inapita kwenye ngozi, na wavunaji wa tumbako mbichi katika nchi nyingi wanaugua kichefuchefu na kizunguzungu kwa kuishika tu ikiwa na umande. Chupa ya maji ya tumbako jikoni ni hatari sawa na ile chupa yangu nyeupe. Zaidi ya hayo, tumbako inaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoharibu nyanya na pilipili. Mimi nasema: tumbako iondoke kwenye orodha.

Pareto tunaifahamu vizuri huku Kivu. Katika vilima vya Masisi na Lubero wakulima wameilima tangu wakati wa Wabelgiji, na ua lake kavu linatoa moja ya sumu bora za wadudu, inayovunjika upesi kwenye mwanga wa jua. Ni ya kujivunia. Lakini nayo inaua nyuki na samaki. Ukiitumia, usipulize mmea unaochanua mchana, na usioshee chombo kwenye mfereji, kwa sababu mifereji mingi ya Bukavu inateremka kwenye ziwa lile lile tunamotoa sambaza.

Muarobaini unasifiwa sana, na kwa haki. Mbegu zake zinamzuia mdudu kula na kukua. Lakini ni mti wa joto. Wa Uvira wana bahati kuliko sisi wa milimani. Mafuta yanayouzwa huku kwa jina lake, kama hayana kibandiko, yana shida ile ile: hujui umenunua nini.

Kuna pia michanganyiko ambayo si ya mila wala ya sayansi: maji ya chumvi, petroli ya taa, siki kali, maji ya kufanyia javeli. Yote yanaweza kumuua mdudu. Yanaua pia mmea, na petroli kwenye barza karibu na mbabula ni moto unaongoja siku yake.

Wanaonipinga

Najua majibu nitakayopata. Wa kwanza atasema: "Sabuni ni kazi nyingi, mimi natoka asubuhi na kurudi usiku." Ni kweli, ni kazi. Lakini barza ina vyungu kumi, haina hekta kumi. Dakika kumi jioni, mara moja kwa juma, zinatosha. Mpe kijana wa nyumba kazi ya kugeuza majani na kutazama chini. Anayemwona mdudu wa kwanza hatapigana na wa elfu.

Wa pili atasema: "Wakulima wa Kabare na Walungu wanatumia dawa hizo, mbona wanaishi?" Mkulima mwenye shamba la nyanya au viazi yuko katika vita vingine, na simwambii apigane kwa sabuni. Ninachomtakia ni pompu isiyovuja, mavazi ya kujikinga na kibandiko anachoweza kukisoma. Mimi nasema juu ya nyumba.

Wa tatu, na huyu namsikiliza zaidi, ni kijana anayeuza. Atasema: "Mnataka kuniondolea mkate." Hapana, ndugu yangu. Uza sabuni, uza chupa za kupulizia, uza udongo mzuri na miche. Na kama lazima uuze dawa ya shamba, iuze katika chupa yake, na kizibo chake, na kibandiko chake. Unayemmwagia katika chupa ya maji ni mama wa mtoto.

Ninachoomba

Kwa wakubwa wa mji na wa idara ya kilimo: uuzaji wa sumu kwa kumwagiana unafanyika mchana, mbele ya watoza ushuru. Anayejua kutoza franka za meza ya kuuzia anaweza pia kuuliza kilichoko juu ya meza hiyo. Vituo vya afya navyo viwekewe bango moja la maneno machache kuhusu sumu hizi.

Kwa wachefu wa avenyu na viongozi wa makanisa: dakika mbili za matangazo ya Jumapili zinatosha kuwaambia watu watazame chini ya meza zao.

Kwa kila nyumba: leo, kabla ya kulala, tafuta chupa ile. Usiimwage kwenye mfereji wala kwenye choo kilicho karibu na chemchemi. Ifunge vizuri, iandike kwa herufi kubwa SUMU, iweke juu mahali mtoto hafiki na penye kufuli, kisha mpelekee mtu wa kilimo ao mkulima mwenye kuijua. Na ikitokea mtoto ameigusa ao ameinywa, usimpe maziwa, usimpe mawese, usimtapishe. Watu wanafanya hivyo kwa upendo, na wanaongeza hatari. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, mkimbize kituo cha afya, na beba ile chupa ili muganga aione.

Ua langu lile lililonifanya ninunue sumu bado liko barza. Nimeliosha mara tatu kwa sabuni, nimekata tawi moja. Vidung'ata viwili nilivikuta jana, nikavitoa kwa kidole. Kesho vinaweza kuwepo vingine, na nitavitoa tena. Siku hizi mama jirani anaosha lengalenga zake kwa sabuni ile ile anayofulia nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye anayemshikia beseni.

Tuanze kwa kubadilisha neno. Ukifika sokoni, usiombe tena dawa ya maua. Uliza kwa sauti: "Hii ni sumu gani?" Kama anayeuza hawezi kukujibu, rudisha chupa yake, uende kununua kipande cha sabuni.